Waja leo, waondoka leo: kanda, CD na memori kadi katika mitaa ya Ngamiani

Fungua droo ya chini ya kabati la vyombo katika nyumba ya Ngamiani, Tanga, iliyoozesha mabinti wanne kati ya mwaka 2003 na 2013. Chini kabisa kuna kanda ya VHS ya harusi ya mkubwa, nzito kama mche wa sabuni. Juu yake zimelala VCD mbili za yule wa pili, moja imeandikwa A na nyingine B kwa kalamu ya wino. Wa tatu ana DVD moja, picha ya bibi harusi imechapwa juu ya sahani yenyewe. Wa nne hana kitu humo: harusi yake ilikuwa kwenye flashi, flashi ikaazimwa, ikarudi imejaa filamu za kivita. Harusi nne, miaka kumi, vyombo vinne, na leo nyumba nzima haina mashine ya kumwonyesha hata mmoja wao akiingia ukumbini.

Mji huu una msemo wake wa siku nyingi: Tanga, waja leo waondoka leo. Ulikuwa msemo wa wageni, lakini kwa vyombo vya muziki na picha umekaa sawasawa bila kubadilishwa neno. Na kila chombo kinapoondoka huondoka na kitu kidogo ambacho hakuna aliyekipigia hesabu, yaani maandishi. Wimbo wenyewe mara nyingi huvuka. Unatoka kwenye kaseti, unaingia kwenye CD, unahamia kwenye kadi, unaishia kwenye simu. Jina la aliyeimba, la aliyetunga na la aliyeshika kinanda, ambayo jalada la kaseti liliyabeba, hubaki ng'ambo ile.

Kaseti

Mwaka 2005 kaseti bado ilikuwa ikitandikwa juu ya meza barabarani. Albamu mpya zilifungwa kwenye maboksi Kariakoo, zikaja na basi kilomita 350 hivi, na kabla ya magharibi mtaa mzima wa Barabara za namba ulikuwa ukiimba. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, kijana aliyeulizwa kaseti alikuwa hajui kalamu ya Bic, iliyokuwa ikiurudisha utepe, inahusiana nayo vipi.

Ndani ya kaseti kuna utepe wa upana wa milimita 3.81, nao unapita mbele ya kichwa cha kusomea sauti kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Ukipiga hesabu, upande mmoja wa C60, yaani dakika 30, unakula karibu mita 86 za utepe. C90 inahitaji karibu mita 130 katika ganda lile lile, kwa hiyo utepe wake umefanywa mwembamba zaidi, na C120 mwembamba kupita hiyo. Ndiyo maana kaseti za C120 zilikuwa maarufu kwa kuliwa na redio: utepe mwembamba unanasa kwenye gurudumu la mpira, unajizungusha, na ukiuvuta unarefuka kama uzi wa sweta. Mwenye akili alinunua C60 mbili.

Urefu huo uliamua mpaka urefu wa nyimbo. Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, zilizobeba taarab ya kina Black Star na Lucky Star hapa Tanga, zilikuwa na nafasi ya dakika tatu, nne hivi kila upande, basi mtunzi alibana beti zake. Kaseti ilipokuja, taarab ya kisasa ikajinyoosha: wimbo mmoja dakika kumi, kumi na mbili, hata kumi na tano, na albamu nzima ikawa na nyimbo nne au sita. Hakuna aliyelalamika, maana kwenye shughuli mtu anataka muda wa kwenda kutunza na kurudi. Siku hizi wimbo unakatwa kipande cha sekunde chache kwa ajili ya video fupi za simu, na watunzi wameanza kuweka kiitikio mwanzoni kabisa kabla kidole hakijapangusa. Watu wanaulaumu ujana kwa hilo. Chombo ndicho kilichobana, kama santuri ilivyombana mtunzi wa Black Star.

Kuokoa kaseti si kazi ngumu, ila ina mpangilio. Kwanza usiitie kwenye redio. Itazame kwenye mwanga. Pale katikati ya ukingo wa chini, nyuma ya utepe, kuna kijisponji kilichogandishwa kwenye bati jembamba, kazi yake kuusukuma utepe ugusane na kichwa. Gundi ya kijisponji hicho huchoka kwa joto la pwani, kinadondoka, na sauti inakuwa ya mbali kama mtu anaimba chooni. Wengi husema kaseti imekufa. Haijafa. Fungua kaseti nyingine isiyo na maana, toa sponji yake, bandika. Makaseti mengi yana skrubu tano. Yale yaliyogundishwa unayapasua pembeni kwa kisu chembamba, na vile viroda viwili unavihamishia kwenye ganda la skrubu.

Kama utepe umekatika, uunge kwa selotepu maalumu ya kanda ukiipata. Selotepu ya kawaida ya dukani inatoa gundi kwenye joto, gundi inahamia kwenye kichwa, na ndani ya wiki umeharibu redio kwa ajili ya kaseti moja. Ukikosa kabisa, tumia kipande kidogo cha ile ya kawaida, nakili kaseti mara moja tu, kisha usiicheze tena. Kata ncha zote mbili kwa mshazari, zikutanishe bila kupandana, bandika upande usiogusa kichwa.

Halafu ipeleke mbele mpaka mwisho na uirudishe mpaka mwanzo, mara moja kila upande. Kaseti iliyolala miaka kumi na tano tabaka zake zimeshikana, na mzunguko huu unazilegeza kabla hujaanza kurekodi.

Redio yenyewe nayo ina mambo yake. Safisha kichwa, kile kikonzo cha chuma na gurudumu la mpira kwa pamba ya masikio iliyolowekwa spiriti, subiri dakika tano zikauke. Kama sauti inayumba, inapanda na kushuka kama mlevi anayeimba, basi mpira wa kuzungushia umelegea au gurudumu limekuwa gumu na kung'aa. Mpira uliozeeka huyeyuka kabisa ukawa kama lami. Huo hautengenezwi, unabadilishwa, na lami yake unaifuta yote kabla ya kuvalisha mpya. Na kama kila kitu ni kisafi lakini sauti haina makali, "s" zote zimefifia, tafuta skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa kichwa, yenye springi chini yake. Wimbo ukiwa unacheza, izungushe taratibu, robo mzunguko hata usifike, huku na huku, mpaka sauti ifunguke. Utaisikia yenyewe, kama mtu aliyeondoa kanga mdomoni. Kila kaseti ilirekodiwa na mashine yenye kichwa kilichokaa kivyake, kwa hiyo kwa zile za kunakiliwa mitaani zoezi hili ni la kila kaseti.

Toka tundu la hedifoni la redio na waya wa milimita 3.5 mpaka kwenye kompyuta. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Tundu la rangi ya waridi ni la maikrofoni: linapokea upande mmoja tu, na linaikuza sauti kupita kiasi mpaka inapasuka. Unataka la buluu. Laptop nyingi hazina la buluu, basi nunua kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, ila hakikisha kina tundu la kupokea sauti ya redio, si la maiki peke yake. Programu ya Audacity ni ya bure na inatosha. Weka 44,100 na biti 16, punguza sauti ya redio mpaka vilele vya wimbo visipite desibeli 6 chini ya sifuri, kisha bonyeza na uache upande mzima upite. Usisimamishe kila wimbo. Dakika 30 zitakula karibu MB 300, na kukata vipande ni kazi ya baadaye. Ukisikia mngurumo wa chini usioisha, chomoa chaja ya laptop au itie redio betri. Mara tisa kati ya kumi unaondoka.

Kabla hujafunga, piga picha jalada. Mbele, nyuma, na lile kunjo la ndani. Kama jalada halipo, piga picha maandishi yaliyo kwenye ganda. Hilo ni la dakika moja, na ndilo tutakalolirudia mpaka uchoke.

VHS na sahani

Kanda ya VHS nitaipitia haraka, kwa sababu tatizo lake kubwa ni moja: deki. Kampuni ya mwisho duniani iliyokuwa ikiziunda, Funai ya Japani, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016. Deki zilizobaki mjini ni za kuombana. Ukiipata inayofanya kazi, chungulia kanda kwanza kupitia dirisha lake. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu, na hewa yetu ya Tanga inailea vizuri mno. Kanda yenye kuvu ukiisukuma ndani inaacha mbegu kwenye ngoma ya vichwa, na kila kanda itakayofuata itakula hizo mbegu. Iache ikauke kwanza siku kadhaa ndani ya bati lililofungwa pamoja na vile vipakiti vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Mchele haufai. Una vumbi. Baada ya hapo inafutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi huku ikizungushwa kwa mkono, nje ya nyumba, na pua imefungwa. Waya ni watatu: njano picha, nyeupe na nyekundu sauti, vinaingia kwenye kidude cha USB cha kunasia picha. Ukirekodi kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde, saa moja ya harusi itakuwa karibu GB 2.7.

VCD ina utamu wake. Ni CD ile ile ya kawaida, lakini picha imebanwa sana, nukta 352 kwa 288, na nafasi ni dakika 74 mpaka 80, haipiti. Harusi ya saa mbili ilitaka sahani mbili, A na B. Filamu za Kibongo nazo zikaingia kwenye mkondo huo huo: sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja na jalada lake na bei yake, na ukinunua ya kwanza umeshanaswa. Sahani moja haikutosha, hilo ni kweli, lakini biashara nayo ilikuwa haijalala. DVD ilipokuja na GB 4.7, picha ya 720 kwa 576 na saa mbili katika sahani moja, sehemu ya pili iliendelea kuwepo vile vile. Mwaka 2013 stempu za kodi zikaanza kubandikwa kwenye CD na DVD za muziki na filamu, na wakati huo huo wateja walikuwa wameshaanza kuuliza, "Hii huwezi kunirushia kwenye kadi?"

Kuna jambo moja ambalo karibu kila mtu alilishika kichwani kinyume. Watu walilinda upande wa chini wa CD, ule unaong'aa, wakauchukulia upande wa maandishi kama mgongo wa ng'ombe. Upande wa chini una plastiki ya zaidi ya milimita moja. Mkwaruzo wa hapo unaweza kusuguliwa kwa dawa ya meno na kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, kamwe si kwa mzunguko, na sahani ikasoma tena. Upande wa juu ndiko liliko lile tabaka la kung'aa lenyewe, chini ya rangi tu na vanishi. Kalamu ya wino yenye ncha ngumu inalitoboa. Inua VCD ya harusi mbele ya taa: ukiona vitundu vya mwanga vinapita, pale picha hairudi tena, umsugue nani. Kwenye DVD tabaka hilo liko katikati ya plastiki mbili, ndiyo maana DVD ilivumilia zaidi kalamu na zaidi watoto.

Sahani zilizochomwa mtaani zina rangi ndani yake, na ile rangi inachoka kwa jua. VCD iliyokaa kwenye dashibodi ya daladala la Raskazone haikuwa na maisha. Na zile zilizochomwa kwa kasi ya 52, ili mteja asisubiri, zilikuja kukataa kusoma mapema kuliko zilizochomwa kwa 8 au 16 kwenye mashine ile ile. Aliyekuwa na haraka siku ile analipia leo.

Kuihamisha VCD, usiitafutie programu ya kubadilisha chochote. Iweke kwenye kompyuta, fungua folda iitwayo MPEGAV, ndani utakuta faili AVSEQ01.DAT. Linakili kama lilivyo, lifungue kwa VLC, linacheza. Laptop za sasa hazina trei ya sahani. Trei ya nje ya USB inafanya kazi, ila nyingine zina waya wenye vichwa viwili na vyote viwili vichomekwe, kwa sababu tundu moja halitoi umeme wa kutosha, na dalili yake ni sahani kuanza kuzunguka, kuzimika, kuanza tena. Kama nakala inakwama katikati, punguza kasi ya trei, au jaribu trei nyingine. Lenzi hazilingani: sahani iliyokataliwa na moja husomwa na ya jirani bila kelele.

Na tazama jina lenyewe: AVSEQ01. Harusi zote za Tanga, kuanzia Makorora hadi Chumbageni, zina jina moja. Ukinakili ya pili kwenye folda ile ile kompyuta inauliza kama ifute ya kwanza, na aliyechoka anabonyeza ndiyo.

Kadi

Hapa ndipo miaka kumi ile ilipopinduka kweli. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB moja kwa dakika. Wimbo wa dakika nne, MB nne. Kadi ya GB 2, kitu cha milimita 15 kwa 11 na unene wa milimita moja, ikabeba nyimbo 500 hivi, sawa na kaseti za C60 zaidi ya thelathini. Meza ya kaseti barabarani ikageuka kuwa kompyuta moja, kisomea kadi na spika mbili. Mteja alikuja na kadi, akachagua folda: taarab, Bongo Fleva, Injili, kaswida, "za zamani". Hakuwa na haja ya kuchagua wimbo. Alirushiwa folda nzima.

Na kwa mara ya kwanza mtu akawa anaweza kumpa mwenzake wimbo bila kumpa kitu mkononi. Simu za miale ya infraredi ziligongana vichwa, na wimbo wa MB nne ulichukua dakika kadhaa bila kutikisika: ukihema, umekatika. Bluetooth ikashusha hadi nusu dakika, simu zikiwa hata mifukoni. Baikoko, ngoma ya hapa hapa Tanga, ilitoka nje ya mkoa namna hiyo, kwa VCD kwanza na baadaye kwa simu hadi simu, ikafika kwa watu ambao hawajawahi kuona uwanja wa Tangamano.

Maradhi ya kadi ni matatu, na fundi mzoefu huyajua kabla hajashika bisibisi.

La kwanza ni chumvi. Kadi ina meno manane ya dhahabu nyembamba, na upepo wa bahari ukichanganyika na jasho huyatia utando. Simu inasema hakuna kadi. Kifutio cha penseli, kile laini cheupe, sugua meno kwa urefu wake mara kadhaa, kisha pamba na spiriti. Usitumie kifutio cha wino, kina mchanga, kinaondoa dhahabu yenyewe.

La pili ni kadi yenyewe kuwa ya uongo. Imeandikwa GB 32, ndani ina GB 4, na imefundishwa kuidanganya simu. Inapokea kila kitu bila kulalamika. Nyimbo za mwanzo zinaimba, na kuanzia pale nafasi ya kweli ilipoisha majina yapo, ukubwa upo, sauti hakuna. Mteja anakuja na kauli ile ile: "Fundi, inasoma lakini haiimbi." Dawa ni kuijaribu siku ya kununua, ikiwa tupu: programu ya H2testw inaijaza yote kisha inasoma kilichoandikwa. Kwa kadi ya GB 32 inayoandika MB 10 kwa sekunde, kujaza peke yake ni karibu saa nzima, na kusoma kuna muda wake. Muuzaji atakunja uso. Mwache akunje.

La tatu ni kukosana na mashine. Simu nyingi za zamani zilikomea GB 2, ukizitilia ya 4 haisomi, wala kadi haina kosa. Na kadi za hadi GB 32 kwa kawaida zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Video ya harusi ya saa mbili inagoma kuingia huku nafasi iko tele, na watu wanaitupa kadi nzima.

Kadi ikikuuliza kama uifomati, kataa. Itoe, iweke kwenye kompyuta, tumia PhotoRec, ambayo nayo ni ya bure, na mafaili yaokolewe kwenye diski nyingine, kamwe si kwenye kadi ile ile. Itafukua mengi kuliko unavyotarajia. Ila haijui majina. Utapewa folda ya f0012480.mp3, f0020736.mp3, mamia kwa mamia. Umeokoa muziki wote, na hujui hata mmoja ni wa nani.

Majina

Mwishoni mwa miaka hiyo kumi na baada yake kulikuwa na misukosuko mingine. Januari 2013 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Tanga, mwezi mmoja baada ya Dar es Salaam, na TV za chogo zikahitaji king'amuzi au zikabaki za kuonyeshea deki. Usiku wa Juni 16, 2016 simu feki zikazimwa mtandaoni. Nyingi hazikutupwa: ziliwekwa juu ya friji zikawa redio za kadi. Betri ya BL-5C, iliyoingia mjini ndani ya Nokia 1100, ile ya tochi iliyotoka mwaka 2003, imeizika simu yake na sasa inakaa ndani ya viredio vidogo vya kuchomeka kadi, vinavyoimba barazani na kwenye mitumbwi. Ni chombo pekee katika habari hii nzima kilichokubali kuzeeka polepole.

Lakini kilichofanya uharibifu wa majina ni WhatsApp, na kimefanya bila nia mbaya. Wimbo ukitumwa kwa njia ya kawaida kwenye simu ya Android unapokelewa na jina kama AUD-20150612-WA0003. Ni tarehe uliyopokelewa na namba ya foleni, basi. Wimbo ulioimbwa na Bi. Shakila wa Pangani akiwa na Black Star, uliotoka kwenye santuri ukaingia kwenye kaseti yenye jalada, ukaingia kwenye CD ya kuchoma ukiitwa Track 07, ukaingia kwenye kadi ndani ya folda "za zamani", ukafika kwenye simu ya mjukuu ukiwa na tarehe ya Juni. Akiulizwa ni nani anaimba, anasema ni taarab.

Kuna mahali pa kuandika ambapo mabadiliko haya hayafiki kirahisi, napo ni ndani ya faili lenyewe. Kila MP3 ina nafasi ya maelezo. Aina ya kwanza kabisa ilikuwa baiti 128 mwishoni mwa faili: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za mwimbaji, 30 za albamu, nne za mwaka, 30 za maoni. Ndogo kuliko ujumbe wa simu, na zinazofuata zimepanuliwa sana. Programu ya Mp3tag kwenye kompyuta inazifungua zote kama jedwali. Ukijaza humo, faili likibadilishwa jina na WhatsApp, au likafukuliwa na PhotoRec likiwa f0012480, ukilifungua linataja mwenyewe wake. Andika mwimbaji, kikundi, mji, mwaka kama jalada limeutaja. Kwenye maoni andika ulikolitoa: kaseti, upande A, wimbo wa tatu.

Jina la nje nalo liwe na mpangilio unaojipanga wenyewe, mwaka kwanza: 2007-08 Harusi Ngamiani sehemu A. Usitumie mkwaju (/) wala nukta mbili (:), Windows inavikataa. Na ukimtumia ndugu, tuma kama dokumenti badala ya kutuma kama video. Kwa njia ya kawaida video inaminywa, na kwa miaka mingi ilikuwa haiwezi kupita MB 16. Kama dokumenti inafika nzima, na tangu mwaka 2022 inaweza kufika hadi GB 2.

Nakala ziwe mbili angalau, na zisikae nyumba moja. Flashi isiyochomekwa miaka mingi inapoteza kumbukumbu taratibu, kwa hiyo ichomeke mara moja au mbili kwa mwaka na ufungue mafaili machache uone kama bado yanasomeka. Hifadhi ya picha ya Google ya bila kikomo ilikoma Juni 1, 2021, na GB 15 za bure zinagawana na barua pepe. Harusi tatu zimeijaza.

Video hazina jalada la kunakili, na humo ndimo kazi iliyobaki. Sahani ikishafunguka, usiangalie peke yako. Muweke mama au shangazi aliyekuwepo siku ile mbele ya skrini, washa kinasa sauti cha simu kikae mezani, na acha picha ipite. Atataja watu bila kuulizwa, na mara nyingi atasimama kwenye kanga kabla ya sura. Wewe andika dakika na jina tu: 14:20, aliyemshika bibi harusi mkono wa kulia. 31:05, mpiga kinanda. Kama mpiga kinanda anakumbukwa kwa jina la utani peke yake, andika hilo la utani, na mtaa wake.